Ushauri: kutenganisha vumbi la galaksi ya mbali katika mwanga wa supanova 2014J

Mwanafunzi_wa_Anga: Wanajukwaa, salaam. Ninaandaa tasnifu ya uzamili kuhusu vumbi la galaksi ya M82, nikitumia vipimo vya upolarishaji (mwanga kutikisika zaidi upande mmoja) wa supanova 2014J, yaani nyota iliyolipuka humo, iliyogunduliwa London Januari 2014. Chembe za vumbi ambazo si duara, zikipangwa na uga sumaku, huzuia zaidi mawimbi yanayotikisika upande mmoja, na hivyo mwanga unaopenya hutufikia ukiwa umepolarishwa. Msimamizi wangu anauliza: nitajuaje kwamba alama hiyo si ya mlipuko wenyewe, wala ya vumbi la Njia Nyeupe, galaksi yetu?

Mzee_Darubini: Umechagua vyema, kwa kuwa supanova za aina ya Ia kama hii (milipuko ya nyota kibete nyeupe) hupolarisha mwanga wake kidogo sana, kwa kawaida chini ya asilimia 0.3, isipokuwa kwenye mistari ya silikoni na kalsiamu katika spektra kabla ya kilele cha mng'ao. Iepuke mistari hiyo. Kuhusu Njia Nyeupe, pima nyota zetu zinazoonekana karibu na supanova angani, mradi ziwe mbali kiasi cha kuwa nyuma ya vumbi letu, kisha uuondoe mchango huo katika vipimo vyako. Ninavyoona mimi, hapo ndipo wanafunzi wengi hufanya haraka isiyo na sababu.

Binti_wa_Fizikia: Ugumu halisi uko kwingine, ndugu. Katika galaksi yetu upolarishaji hufikia kilele kwenye urefu wa wimbi wa takriban mikromita 0.55, ilhali kwa 2014J, kama ilivyokuwa kwa supanova nyingine, 2006X, huzidi kupanda kuelekea buluu. Uwiano wa ufifishaji (mwanga unaozuiwa na vumbi) na wekundu (vumbi linavyoubadili mwanga kuwa mwekundu zaidi) nao, ambao kwetu ni kama 3.1, kwa 2014J uko karibu na 1.4. Wengine husema chembe za huko ni ndogo kuliko zetu. Wengine husema mwanga umetawanywa na vumbi lililo jirani na nyota iliyolipuka.

Mwanafunzi_wa_Anga: Je, vipimo vyenyewe vinaweza kuamua kati ya maelezo hayo mawili?

Mzee_Darubini: Kwa sehemu kubwa, ndiyo. Vumbi la jirani lingebadilisha upolarishaji kadiri siku zinavyopita, lakini katika wiki za mwanzo wa 2014J haukubadilika. Angalia pia mwelekeo wa upolarishaji: kwa supanova 1986G ulilingana na ukanda wa vumbi wa galaksi ya NGC 5128, jambo ambalo vumbi la jirani lingelitimiza kwa bahati tu.

Binti_wa_Fizikia: Nakubali, ila usilifute vumbi la jirani kabisa. Darubini ya Hubble ilipoipima 2014J siku 277 baada ya kilele, upolarishaji ulikuwa umebadilika, na tafsiri iliyotolewa ni vumbi kidogo lililotangulia mlipuko. Kwa hiyo tumia vipimo vya mwanzoni kwa vumbi la M82, na hivyo vya baadaye uviwekee sura ya peke yake katika tasnifu.