Skrini inaandika 55.0, kona ya bamba ina 51: miezi mitatu ya kazi imekwenda na maji

Wakuu salaam. Naandika nikiwa na hasira, mtanivumilia.

Kwa wasiofanya kazi hizi: sahani ya moto ni bamba la alumini linalopashwa joto ili kupima maumivu kwa panya. Kipimo ni cha zamani, Woolfe na MacDonald walikieleza mwaka 1944, na hakina uchawi wowote. Unaliweka bamba kwenye joto moja, mara nyingi kati ya nyuzi 50 na 55, unamweka panya juu yake ndani ya boksi angavu, unaanza kuhesabu. Akilamba mguu wa nyuma, akiukung'uta au akiruka, unasimamisha saa na kumtoa hapo hapo. Zile sekunde ndiyo data. Ukimpa mofini, dawa ya kuua maumivu, sekunde zinaongezeka. Basi.

Yaani kitu kimoja tu ambacho mashine hii inatakiwa kukifanya ni kuwa na joto moja. Na hicho ndicho isichokiweza.

Nilianza kushtuka kwa sababu ya panya mmoja mwenye alama tatu za kalamu mkiani. Nikimweka katikati ya bamba, ananusa mara mbili, anafuata ukuta hadi kona ya nyuma kushoto, anatulia pale kama yuko barazani. Sekunde 10. Sekunde 15. Ananitazama. Huyu hakuchomwa dawa, alichomwa maji ya chumvi tu, na kwenye nyuzi 55 panya wa namna hiyo anatakiwa awe ameshalamba mguu kabla hata sijakaa vizuri kwenye stuli. Nikadhani ni ukaidi wake. Siku ya pili wenzake wawili wakaenda kona ile ile.

Nikachukua kile kipimajoto cha bunduki, cha infraredi, nikaelekeza kwenye bamba: 34. Kijana tunayefanya naye kazi akasema bunduki imekufa. Haijafa. Chuma kinachong'aa kinatoa mionzi kidogo sana ya joto lake, kwa hiyo bunduki inasoma zaidi joto la dari linaloakisiwa juu ya bamba. Tukabandika utepe mweusi, ikaanza kusema ukweli. Lakini sikutaka mtu aje kunibishia baadaye, nikatafuta thamokapo (waya wa kupimia joto kwa kugusa) nyembamba ya kubandika, nikachora bamba miraba kama ubao wa drafti, nikapima nukta 25, kila moja nikisubiri dakika mbili itulie. Katikati 54.8. Ukingo wa mbele 53. Kona ya nyuma kushoto 51.2. Muda wote huo skrini imekaza pale pale: 55.0. Hiyo sifuri ya mwisho ndiyo inayoniudhi kuliko vyote, maana inajifanya inajua hadi sehemu ya kumi ya nyuzi.

Sababu ilionekana tulipofungua kifuniko cha chini. Sensa ni moja, imechomekwa kwenye tundu katikati chini ya bamba. Kipashio chenyewe hakifiki kingo, kinaishia vidole viwili kabla. Kwa hiyo skrini inasoma joto la ndani ya chuma, mahali pamoja, ambapo hakuna panya anayekanyaga.

Kuna watakaosema nyuzi tatu ni kitu gani. Wakuu, kwenye joto la maumivu nyuzi tatu ni dunia nyingine. TRPV1, kile kipokezi cha kwenye neva ambacho David Julius alipewa nacho Nobel mwaka 2021 pamoja na Ardem Patapoutian, kinaanza kufunguka karibu na nyuzi 43, na kuanzia hapo kila nyuzi inayoongezeka ina uzito wake. Panya wa 52 na panya wa 55 huwezi kuwaweka kwenye jedwali moja.

Tena ingekuwa makosa yanagawanyika sawa kwa makundi yote ningenyamaza. Hayagawanyiki. Panya wa aina hii kubwa (rat) aliyechomwa mofini mwanzoni anazubaa, anabaki ulipomweka, katikati, kwenye karibu 55. Wa maji ya chumvi ana nguvu zake, anatembea mpaka anapata kona ya baridi na sekunde zake zinapanda. Matokeo yake makundi mawili yanasogeleana na dawa inayofanya kazi inaonekana haifanyi. Miezi mitatu nilikuwa nalaumu dozi, nalaumu sindano, nalaumu mikono yangu.

Nikawapigia waliotuuzia. Majibu yao nayaweka kama yalivyo:

"Ndugu mteja, cheti chako kinaonyesha usahihi wa 0.1."

Nikauliza, mlipima nukta ngapi? Moja. Wapi? Katikati. Nikamweleza habari ya kona. Kimya, kisha:

"Kwa kawaida panya hatakiwi kukaa kona."

Sasa nimwambie nani, panya? Mnyama huyu akiwekwa mahali pageni kitu cha kwanza ni kutafuta ukuta. Anayetengeneza vifaa vya panya halafu hajui hilo, amewahi kumwona panya kweli?

Halafu kuna ile "kinga ya kuungua" iliyoandikwa kwenye kipeperushi. Tuliielewa kwamba muda wa kikomo ukifika mashine inafanya kitu. Inachofanya ni kupiga mlio. Bamba linaendelea kuwa na moto ule ule, na kama kibonyezo cha mguu kimekwama (chetu kinakwama) hata mlio hausikii, kwa sababu saa haikuanza. Kinga ya panya ni mkono wangu na saa ya ukutani. Tangu hapo hatufanyi kipimo mtu mmoja, lazima wawe wawili.

Ile mashine yao nyingine ya taa inayomulika unyayo kutoka chini ya kioo, nisiseme mengi. Nguvu ya taa imeandikwa kwa asilimia. Asilimia 40 ya nini? Tulibadilisha balbu, tukaacha 40 ile ile, sekunde za panya wale wale zikashuka. Na kioo hakipashwi, wakati tangu miaka ya 1990 inajulikana kwamba kioo baridi kinanyonya joto la unyayo na kuharibu kipimo.

Kilichoniuma zaidi ni kikao na kamati ya maadili. Panya 48. Nimekaa mbele yao naeleza kwamba wanyama 48 walisimama kwenye moto na hakuna hata namba moja ninayoweza kuitumia. Russell na Burch waliandika tangu 1959 kwamba tupunguze idadi ya wanyama na tupunguze mateso yao. Mimi nimeenda kuomba wengine 48. Mwenyekiti hakunigombeza, alivua miwani tu, akauliza, "Bamba hamkulipima kabla ya kuanza?" Hapo sina utetezi. Niliamini skrini.

Kwa sasa tumetafuta bomba pana la plastiki angavu, tumelikata, tunalisimamisha katikati ya bamba ili panya abaki kwenye eneo ambalo tofauti haizidi nusu nyuzi. Mashine ghali, tiba yake kipande cha bomba. Fundi wao ameahidi kuja, ila amesema atakuja na kipimajoto chake na atapima "kwa utaratibu wa kiwanda". Nimemjibu aje, nukta zote 25 zinamsubiri, nimezichora kwa kalamu isiyofutika.

Wenye sahani hizi, za aina yoyote: bandikeni thamokapo kwenye kona nne, mwandike hapa mmepata ngapi na skrini ilisema ngapi. Na kama kuna aliyewahi kukubaliwa kuirudisha mashine kwa muuzaji kwa sababu hii, aniambie alitumia maneno gani.