Mwanangu ana aleji ya karanga na hajui kumkatalia mtu mzima. Naombeni ushauri

MamaWawili_Tabata

Habari zenu wapendwa. Uzi utakuwa mrefu kidogo, mnivumilie, naandika usiku watoto wamelala.

Nina watoto wawili. Mkubwa ni wa kiume, mwezi ujao anatimiza miaka 5. Mdogo ana miezi 5. Huyu mkubwa ana mzio wa karanga. Tuligundua akiwa na mwaka na nusu, siku nilipompikia uji wa lishe wa kununua, ule unaosagwa pamoja na mahindi, ulezi, mchele, soya na karanga. Hakufika nusu kikombe, midomo ikavimba kama kaumwa na nyuki, mwili ukatoka vipele. Mara ya pili alikuwa na miaka 3, tumekwenda Dodoma ukweni. Kule mboga isiyo na karanga ni kama haijaungwa. Nilishamwambia mama mkwe mara tatu. Naingia kuoga, natoka nakuta mtoto kalishwa mchicha wa karanga, "kidogo tu mwanangu, ili azoee". Hazikupita dakika kumi: anakohoa, kifua kimebana, anatapika, kalegea kama kitambaa. Tulimkimbiza hospitali, akachomwa sindano, akapona. Ile barabara sitaki kuikumbuka.

Mama mkwe si mtu mbaya. Alilia kuliko mimi. Lakini mpaka leo ukimsikiliza vizuri, bado anaamini mtoto alikuwa na mafua.

Nyumbani kwangu nimeshajipanga, karanga haziingii. Kinachonisumbua ni mtoto mwenyewe. Nimemlea kwa adabu: mkubwa akikupa kitu pokea kwa mikono miwili, sema asante, chakula cha watu hakikataliwi. Na ameshika kweli. Juzi jirani kampa kashata, kapokea kwa mikono miwili, kasema asante, kaja nayo ndani kaificha mfukoni, analia. Alijua kabisa ina karanga. Aliogopa kusema hapana. Nilikaa naye sakafuni, nikaona hili ni la kwangu mimi niliyemfundisha.

Anapenda sana vitabu vya picha, akishasomewa mara mbili anakariri. Nimetafuta cha Kiswahili kinachozungumzia mzio, sijapata. Kuna mwenye wazo? Pia nataka kupeleka vitafunwa shuleni siku yake ya kuzaliwa, watoto 23. Mwaka jana kwenye sherehe ya mwenzake walimkalisha meza ya peke yake na biskuti mbili, nilivyoiona ile picha kwenye kundi la wazazi nilishindwa kula. Na Desemba tunakwenda tena Dodoma.

Mzee_wa_Kijiwe

Sisi tumekua tunakula karanga mbichi shambani na udongo wake, hakuna aliyevimba. Hizi aleji zimekuja na nepi za kutupa.

Nesi_ZamuYaUsiku

Mzee, waliovimba hawakuitwa wana aleji, waliitwa wamerogwa. Tuendelee.

Mleta mada, pole sana. Niseme machache ya kazini kwangu. Mzio si kitu cha "kuzoeshwa" na bibi jikoni. Na mtu asikudanganye kwamba safari iliyopita alitoka vipele tu, basi safari ijayo itakuwa vipele tu. Umeshaona mwenyewe tofauti ya ile ya kwanza na ya pili. Wengi wenye mzio wa mayai au maziwa utotoni hupona wakikua, ila kwa karanga wanaopona ni kama mmoja kati ya watano, kwa hiyo panga maisha kama vile itabaki.

Dalili ikigusa pumzi (kukohoa mfululizo, sauti kukwaruza, kifua kubana) au mtoto akalegea, kinachohitajika hapo ni sindano ya adrenalini, ya kuchomwa kwenye msuli wa paja kwa nje. Dawa ya vipele ya kunywa inatuliza mwasho, haifungui njia ya hewa. Watu wanapoteza muda wanasubiri ile dawa ifanye kazi. Mlaze, miguu iinuliwe; kama anahangaika kupumua mwache akae, lakini asitembezwe wala kusimamishwa. Halafu hospitali, na msikubali kurudi nyumbani haraka kwa sababu amechangamka, hali inaweza kurudi saa kadhaa baadaye. Muulize daktari wako kuhusu sindano ya adrenalini ya kujidunga. Kwetu haipatikani kirahisi na bei yake inauma, lakini ulizia kabla ya Desemba. Na kabla hamjasafiri jua kituo gani karibu na kwa wakwe kina adrenalini.

La shuleni: walimu wawaoshe watoto mikono kwa maji na sabuni baada ya kula. Sanitaiza haiondoi karanga mkononi, inaua vijidudu tu, na karanga si kijidudu.

Kuhusu mdogo wa miezi 5, hujauliza lakini nakusemea. Usimnyime karanga miaka mitatu kwa woga. Kuna utafiti uliofanyika London ukachapishwa 2015, watoto wachanga zaidi ya 600 wenye hatari kubwa ya mzio. Walioanzishiwa karanga mapema waliopata mzio walikuwa wachache mno kuliko walionyimwa. Ila kwako kuna mkubwa ndani ya nyumba, na huyu mdogo ni ndugu yake, kwa hiyo muone daktari kwanza, mpange ataanzishwa lini na wapi. Na ni karanga iliyosagwa laini ndani ya uji. Nzima nzima hapana, inakaba.

Babake_Nuru

Dada, hilo la kitabu ndilo limenifanya nijisajili tena hapa, nilishasahau nywila.

Binti yangu mzio wake ni mayai, na ugonjwa wake ulikuwa huohuo: adabu. Tulitengeneza kitabu wenyewe. Nilinunua karatasi mbili za manila, nikazikata, nikazikunja katikati, nikashona mgongoni kwa uzi na sindano. Zikapatikana kurasa 16, tukatumia 12. Mimi sijui kuchora, kwa hiyo ng'ombe wangu ana miguu mitano, na hiyo ndiyo kurasa anayoipenda kuliko zote.

Kwa mwanao ningemweka kima. Kima asiyekula karanga, mtoto yeyote atacheka hapohapo maana anajua kima na karanga ni ndugu. Kila ukurasa mnyama mmoja anamkaribisha kitu. Sungura na kashata. Kunguru na kitu alichoiba mezani (kunguru wa Dar hamhitaji maelezo). Na kila ukurasa kima anasema maneno yaleyale: "Asante. Je, ina karanga?" Mnyama akijibu ndiyo, kima anaweka mikono nyuma na kusema, "Mwili wangu haupatani nayo. Nipe ndizi." Maneno yasibadilike hata neno moja, kwa sababu mtoto wa miaka 5 akibanwa hatungi sentensi, anarudisha aliyoikariri. Usimwandikie kima hotuba.

Sasa ukurasa mgumu ni wa Bibi Kobe. Sungura kumkatalia ni rahisi, ni rika lake. Bibi Kobe amepika tangu asubuhi, amempambia sahani. Hapo kima anaanza na shikamoo. Anapiga goti kabisa, kama mnafanya hivyo kwenu. Halafu maneno yaleyale. Na Bibi Kobe hakasiriki! Sisi ukurasa huu tuliuchora mara tatu kwa sababu binti alikuwa ananiuliza, "Bibi atanuna?" Nikamchora bibi anacheka. Mtoto alikuwa anataka kuona ile sura ya bibi, maneno alishayajua.

Baada ya kusoma tulikuwa tunaigiza. Mimi bibi, najifunika kanga ya mama yake, nambembeleza weee. Wiki ya pili akawa anakataa mpaka kuoga kwa maneno ya kitabu.

Kama unataka vya kumsomea kati ya hapo, African Storybook wana hadithi nyingi za picha za Kiswahili mtandaoni bure, unaruhusiwa kuzichapisha. Na Maktaba Kuu pale Bibi Titi ina sehemu ya watoto, mpeleke Jumamosi aone kitabu chake kinafanana na vya wengine.

BintiKisauni

Mambo ya Babake Nuru nimeyapenda wallahi. Niongeze moja kutoka huku Mombasa. Sisi karanga twaita njugu. Shangazi yake akija kutoka Kenya akimwambia "hizi ni njugu tu babangu", mtoto wako aliyefunzwa neno karanga peke yake atakula. Mtie kwenye kitabu majina yote, na pinati bata pia, maana hiyo ndiyo yaja imepakwa kwenye mkate haionekani.

Na kashata za nazi za kununua usimwamini nazo. Nazi yenyewe kwa watoto wengi wa njugu haina neno, lakini sufuria ni moja: asubuhi za njugu, mchana za nazi.

Fundi_Vitumbua

Nimeona jina la kashata nimekuja mbio. Binti wa Kisauni kasema kweli, mimi napika biashara na nakiri kwangu mwiko ni mmoja. Hata mafuta ya kukaangia. Kwa hiyo cha shuleni pika mwenyewe.

Keki ya krimu ya dukani achana nayo. Pika mkate wa kumimina. Mchele vikombe viwili, uloweke usiku kucha. Asubuhi chuja, saga kwenye blenda na tui zito kikombe kimoja na kidogo, sukari robo tatu kikombe, hamira kijiko cha chai kimoja, iliki. Saga mpaka ukishika kwa vidole husikii chenga. Ufunike uumuke, saa moja hivi, ukiona mapovu juu usiukoroge tena. Sufuria ipakwe mafuta na iwe ya moto kabla ya kumimina. Moto wa chini mdogo, ukishakauka juu palia makaa kwenye mfuniko. Wengine wanatia ute wa yai, mimi sitii, unakuwa mzito kidogo tu. Hauna ngano, hauna maziwa, hauna yai, kwa hiyo hata mtoto wa Babake Nuru anakula. Sufuria mbili zinatosha watoto 23 ukikata vipande vya adabu.

Iliki nunua nzima utwange mwenyewe. Ya kusagwa sokoni imepita kwenye mashine iliyosaga nini, Mungu anajua. Na kama blenda yako iliwahi kusaga karanga, azima nyingine.

Kwa kunogesha peleka bisi, na lambalamba za ukwaju. Watoto wakiona lambalamba hakuna anayeuliza keki iko wapi.

Mbongo_Leicester

Huku Uingereza vyakula vya viwandani vinatakiwa kutaja vizio 14 kwa maandishi ya kukoleza, na wenye mzio mkali wanashauriwa kutembea na sindano mbili, siyo moja. Lakini nikwambie, mwanangu alikalishwa meza yake peke yake hukuhuku na lebo zote hizo. Kilichosaidia ni kumwomba mwalimu darasa zima lile kitu kimoja siku za sherehe. Usiombe chakula maalumu cha mwanao. Omba chakula cha wote.

Mzee_wa_Kijiwe

Nimerudi. Mjukuu wangu wa Ifakara anatapika kila akila mayai, tukawa tunasema ana deko. Nesi nikutumie ujumbe?

Nesi_ZamuYaUsiku

Tuma mzee. Na mayai msimpe kwa sasa.

MamaWawili_Tabata

Wapendwa, asanteni. Wiki tatu zimepita, natoa mrejesho.

Mwalimu amekubali chakula cha wote, na mkate uliisha kabla sijaweka kijiko. Mkate mmoja uliungua chini, nikakata nikapeleka hivyohivyo.

Kitabu tumemaliza. Kima wetu ana kaptura ya Simba, baba yake alilazimisha. Jumapili tulimpigia mama mkwe kwa video, mtoto akataka kumsomea. Nilikuwa nimejificha mlangoni moyo unadunda. Alipofika kwa Bibi Kobe, mama mkwe alinyamaza. Halafu akauliza, "Huyo kobe mbona mnene hivyo, ndiyo mimi?" Mtoto akamjibu, "Ndiyo bibi. Shikamoo. Je, ina karanga?"

Jana amepiga simu mwenyewe, ananiuliza mchicha wa tui la nazi unaungwaje, kwamba kule nazi anazipata za shida na akipata hataki kuziharibu. Fundi, naomba maelekezo, na uandike kwa herufi kubwa maana nitampigia picha nimtumie.

Fundi_Vitumbua

NAZI MOJA KUBWA KWA MAFUNGU MANNE. TUI LA PILI LITANGULIE NA KITUNGUU NA NYANYA, MCHICHA UIVE HUMO, TUI LA KWANZA MWISHO, AKOROGE LISIKATIKE. Na umwambie anunue mwiko mpya.