Japani ilitangazaje utamaduni wake mipaka ilipofungwa?

Fundi wa Dunda: Ndugu zangu, nafundisha vijana kuchonga na kuchora hapa Bagamoyo. Wageni walipokatika mwaka 2020 kwa sababu ya korona, vinyago vyetu vilikaa barazani vikila vumbi. Wajapani nao walifunga mipaka. Waliwezaje kuendelea kuonekana ughaibuni?

Binti Kaole: Shikamoo mwalimu. Mfano ninaoupenda ni Amabie, kiumbe wa masimulizi ya Kijapani mwenye nywele ndefu, mdomo wa ndege na magamba, ambaye inasimuliwa kuwa mwaka 1846 alitokea baharini katika jimbo la Higo, akaagiza kwamba maradhi yakizuka, watu wachore sura yake na kuonyeshana. Korona ilipoingia, Wajapani walianza kumchora na kusambaza picha mtandaoni, na punde wachoraji wa nchi nyingine wakamchora kwa mitindo yao. Hapakuwa na tiketi wala viza. Agizo la kuonyeshana lilikuwemo ndani ya hadithi yenyewe.

Msomaji wa Tanga: Ni kweli, ila si kila jambo lilihamia mtandaoni kwa urahisi. Olimpiki ya Tokyo iliahirishwa hadi Julai 2021, ikafanyika karibu bila watazamaji, na wageni waliotarajiwa kuonja vyakula na kutembelea mahekalu hawakufika. (Chai haionjwi kwenye simu!)

Fundi wa Dunda: Marahaba binti, na ahsante msomaji. Kesho nitawauliza vijana ni kiumbe gani wa hadithi za bibi zao anayestahili kuchorwa kwanza.