Kozi ya usanifu wa kompyuta mtandaoni kwa bei nafuu: je, chuo cha Uganda kitaipokea krediti yake?

Binti_wa_Arua

Habari zenu wandugu. Niko mwaka wa pili wa digrii ya sayansi ya kompyuta katika chuo binafsi Kampala, ila kwa sasa niko Arua. Ninadaiwa somo moja, Usanifu wa Kompyuta (jinsi kompyuta inavyojengwa na kufanya kazi ndani), lenye yuniti 4 za krediti. Chuoni linafundishwa mara moja tu kwa mwaka. Kwenye kitabu cha mtaala limeandikwa saa 45 za mihadhara na saa 30 za vitendo.

Nataka kulisoma mtandaoni kwa pesa kidogo, kisha krediti ihamishiwe kwenye rekodi yangu. Nimekuta kozi za bure, za kulipia kwa mwezi, na nyingine zinazotangaza kwamba zina "krediti ya chuo". Ninaomba kujua mambo matatu. Ipi kati ya hizo chuo cha hapa kinaweza kuikubali? Laptop ya RAM GB 4 itatosha? Na mtihani wa kusimamiwa kwa kamera unawezekana kwa intaneti ya simu?

Karani_wa_Krediti

Dada, usilipe hata shilingi moja kabla hujashika barua ya msajili wa taaluma mkononi. Nitaeleza sababu.

Neno "krediti" kwenye matangazo hayo lina maana zaidi ya moja. Kuna kozi nzuri sana zisizo na krediti yoyote. Ile ya Princeton iliyoko Coursera, inayofundishwa na David Wentzlaff, ni ya kina kweli kweli, lakini haitoi hata cheti cha kumaliza. MIT 6.004 kwenye OpenCourseWare ni hivyo hivyo: mihadhara na mazoezi ni bure, karatasi hakuna. Saylor Academy nao wana CS301 bila ada. Hizo ni za kujifunzia.

Kisha kuna kampuni kama Study.com. Zenyewe si vyuo. Kozi zao hukaguliwa na ACE, baraza la vyuo la Marekani, ambalo hupendekeza krediti ngapi kozi hiyo inastahili. Ni pendekezo tu. Hata huko Marekani kila chuo huamua chenyewe kama kitalipokea. Msajili wa Kampala akipokea karatasi ya namna hiyo atauliza ni chuo gani kilichomfundisha mwanafunzi, na jibu halipo. Kwa hali yako nisingeweka pesa huko, isipokuwa chuo chako kikuandikie waziwazi kwamba kinakubali pendekezo la ACE.

Zinabaki kozi zinazotolewa na chuo kinachotambuliwa kwao, chenye uwezo wa kutuma transkripti (karatasi rasmi ya alama) chenyewe. University of the People ni mfano unaojulikana: haitozi ada ya masomo, bali hutoza ada ya maombi na ada ya tathmini kwa kila kozi. Mihula yake ni ya wiki 9, mitano kwa mwaka, kwa hiyo hutasubiri sana. Kozi yake iliyo karibu na somo lako ni CS 1104.

Sasa hesabu, maana hapa ndipo maombi mengi yanapokwama. Kwetu yuniti 1 ni saa 15 za darasani, na saa 2 za vitendo huhesabiwa kama saa 1 ya darasani. Somo lako: 45, jumlisha 30 gawanya kwa 2, unapata 60. Ndizo yuniti 4. Kozi ya Marekani ya krediti 3 ni saa 45 za darasani, yaani yuniti 3 zako. Kozi ikiwa ya Uingereza usilinganishe namba kwa namba: huko krediti 1 ni saa 10 za kazi yote ya mwanafunzi, pamoja na kujisomea, hivyo moduli ya krediti 15 ni saa 150 za jumla. Ya Marekani ya krediti 3 kwa kipimo hicho hicho ni kama saa 135. Mtu akiona 15 dhidi ya 3 anadhani amepata nyingi mno, kumbe hazipishani sana.

Barua ipitie kwa mkuu wa idara. Ambatisha silabasi zote mbili, ya chuo na ya kozi, na jedwali la ukurasa mmoja linaloonyesha mada kwa mada zinakolingana. Taja saa, ngazi ya kozi, na kwamba mtihani unasimamiwa. Kisha uliza: alama ya chini inayokubalika ni ipi, somo litaingia na alama yake katika wastani wangu au nitasamehewa tu bila alama, transkripti itumwe kwa anwani gani moja kwa moja kutoka chuo kile. Jibu liwe na sahihi na muhuri. Ujumbe wa WhatsApp kutoka kwa mhadhiri, hata awe mwema vipi, hautakusaidia siku ya orodha ya mahafali.

Watu hukimbilia NCHE, baraza la taifa la elimu ya juu, kwa jambo hili. NCHE hulinganisha shahada na stashahada nzima zilizopatikana nje. Somo moja ndani ya digrii yako huamuliwa na chuo chako kwa kanuni zake.

Fundi_Saketi

Karani amemaliza upande wa makaratasi. Nina tahadhari moja kuhusu CS 1104 kabla dada hajaandika jedwali lake. Kozi hiyo inafuata Nand2Tetris, kazi ya Noam Nisan na Shimon Schocken. Unaanza na lango moja la Nand (saketi ndogo ya mantiki), unajenga malango mengine, kisha ALU (kitengo cha hesabu na mantiki), kumbukumbu, kichakataji cha biti 16 kinachoitwa Hack, na mwisho asembla yake (programu ya kugeuza asembli kuwa lugha ya mashine). Ni njia bora ninayoijua ya kuelewa kompyuta kutoka chini. Lakini Hack haina paipulaini (kuendesha amri kadhaa kwa kupishana, kila moja katika hatua yake) wala kache (kumbukumbu ndogo ya haraka iliyo karibu na kichakataji). Silabasi ya yuniti 4 karibu lazima ivitaje vyote viwili, na mkuu wa idara akiona safu hizo tupu kwenye jedwali lako atakataa kwa haki. Angalia silabasi yako leo. Kama vipo, tafuta kozi inayovifundisha, au omba uvifidie kwa kazi ya ziada.

Tazama pia ni lugha gani ya asembli, ile ya amri za kichakataji chenyewe, chuo chako kinatumia. MIPS na RISC-V, aina mbili za vichakataji, zinafanana kiasi kwamba ukiijua moja nyingine ni wiki moja. Silabasi ya 8086, kichakataji cha zamani cha Intel, ni habari nyingine: rejista zake, segimenti zake, namna yake ya kufikia kumbukumbu, vyote ni tofauti.

RAM GB 4 inatosha kabisa. Logisim-evolution ya kuchora saketi, RARS ya RISC-V (au MARS kama ni MIPS), na Ripes ya kuonyesha paipulaini na kache zikifanya kazi. Zote ni bure na unazitumia bila intaneti ukishazipakua. RARS na MARS, na Logisim-evolution ya faili la .jar, zinahitaji Java iwe kwenye kompyuta. Programu ya RARS ikikataa kufunguka ukibofya, kosa mara nyingi ni toleo la Java lililo la zamani mno au halipo. Fungua terminali uandike `java -version` uone.

Kuhusu mtihani wenyewe, kozi hii ni ya hesabu kuliko ya kukariri vifaa. Haya ndiyo yanayowaangusha watu.

Namba hasi. −5 kwa biti 8: andika 00000101, geuza zote upate 11111010, ongeza 1, jibu 11111011. Wengi husahau kuongeza 1. Namba za desimali: 6.5 ni 110.1 kwa mfumo wa mbili, yaani 1.101 × 2². Kwa kiwango cha IEEE 754 cha biti 32, kipeo kinachohifadhiwa si 2, ni 2 + 127 = 129, na ile 1 ya mbele haiandikwi. Ukipanga biti 32 unapata 40D00000 kwa heksadesimali. Ukipata kingine, aidha umesahau 127 au umeihifadhi ile 1.

Kache ndiyo inayokula alama nyingi zaidi. Chukua kache ya KB 32, bloku za baiti 64, njia 8 (kila seti ina nafasi 8 za bloku), anwani za biti 32. Baiti 32,768 gawanya kwa 64 ni bloku 512. Gawanya tena kwa 8: seti 64. Basi biti 6 za ndani ya bloku, biti 6 za kuchagua seti, na 20 zinazobaki ni lebo ya kutambua bloku. Kosa la kila mara ni kuchagua seti kwa kutumia bloku 512, ukapata biti 9. Kache ya njia moja ingekuwa hivyo. Ya njia 8 siyo.

Hapo hapo uelewe kwa nini kache inahangaikiwa hivyo. Data ikipatikana ndani ya kache ni mzunguko 1 (pigo moja la saa ya kichakataji). Ikikosekana unaongeza mizunguko 100 kwenda kumbukumbu kuu. Ikikosekana mara 5 kwa 100, wastani ni 1 + 0.05 × 100 = 6. Shusha ukosefu hadi 2 kwa 100 na wastani ni 3. Kasi ya kumbukumbu imekuwa maradufu, na hakuna kilichobadilika ila asilimia 3.

Paipulaini ya hatua tano: kuleta amri, kuitafsiri, kukokotoa, kumbukumbu, kuandika. Amri ya `lw` (kuleta data kutoka kumbukumbu) ikifuatwa papo hapo na `add` inayotaka data hiyo hiyo, njia ya mkato, yaani kupitisha jibu kwa amri inayofuata kabla halijaandikwa, haikuokoi. Data inatoka kwenye kumbukumbu mwishoni mwa hatua ya nne ya `lw`, lakini `add` inaihitaji mwanzoni mwa hatua yake ya tatu, na hatua hizo mbili ziko kwenye mzunguko mmoja. Lazima isubiri mzunguko 1. Fungua Ripes, andika mistari hiyo miwili, uendeshe mzunguko kwa mzunguko. Ukiiona mara moja kwa macho hutaisahau.

Na kanuni ya Amdahl, ya kukadiria programu nzima inaharakishwa kiasi gani: sehemu ya asilimia 80 ya programu ukiifanya haraka mara 4, programu nzima inakuwa 1 ÷ (0.2 + 0.8 ÷ 4) = mara 2.5. Anayejibu mara 4 amesahau ile asilimia 20 isiyoguswa.

Ssalongo_Mtandao

Nijibu la mtihani wa kamera. Kwa simu kama kompyuta ya kufanyia, hapana. Programu za usimamizi mara nyingi huhitaji laptop ya Windows au Mac yenye kamera na maikrofoni. Kwa simu kama chanzo cha intaneti, inawezekana. Kinachohitajika ni kasi ya kupakia, yaani ya kutuma, na wengi hupima ya kupakua peke yake. Ukituma video kwa megabiti 1 kwa sekunde kwa saa 2, unatumia karibu MB 900. Weka bando la GB 3 kwenye laini moja na kiasi kama hicho kwenye laini ya kampuni nyingine ndani ya simu ya pili, hotspot yake ikiwa tayari. Zima masasisho ya Windows na nakala za picha za simu. Hayo ndiyo yanayomaliza bando katikati ya swali la kumi. Betri ijae na Yaka (mita ya umeme ya kulipia kabla) iwe na yuniti, ingawa umeme ukikatika laptop itaendelea kama simu zote mbili zina chaji.

Jina kwenye akaunti liandikwe sawasawa na lilivyo kwenye kitambulisho cha taifa au pasipoti. Msimamizi hulinganisha herufi kwa herufi. Kwetu jina la ukoo hutangulia kwenye vyeti vingi, na kwenye fomu za nje huombwa mwishoni. Panga jambo hilo siku ya kujisajili, na uhakikishe linafanana pia na rekodi ya chuo chako, la sivyo msajili atapokea transkripti ya mtu asiyemjua.

Za kulipia kwa mwezi: tuseme dola 200, na dola iko shilingi 3,700. Hiyo ni 740,000. Ukikaa miezi mitatu umefika 2,220,000, na unaweza kuwa umezidi ada ya kurudia somo chuoni. Soma yote bure kwanza, kisha lipa mwezi mmoja wa kumalizia majaribio, na usitishe usajili kabla ya tarehe ya kujirudia.

Binti_wa_Arua

Asanteni sana. Nimeangalia: silabasi yetu ina paipulaini na kache, na asembli ni MIPS. Karani, ile yuniti 1 inayopungua nifanyeje?

Karani_wa_Krediti

Angalia hesabu yako mwenyewe: zinazopungua ni saa 15 za darasani, ambazo ni saa 30 za vitendo kamili. Kwa hiyo usiombe usamehewe somo zima. Omba mihadhara ihamishwe, na saa 30 za maabara uzifanye chuoni chini ya mhadhiri, hata kama ni kwa wiki mbili za likizo. Fundi, kazi za MARS na zile za paipulaini na kache zinafaa kuwa ndizo maabara hizo?

Fundi_Saketi

Zinafaa. Ningependekeza kazi sita za saa tano tano: saketi ya kujumlisha biti 8 kwenye Logisim, ALU, programu mbili za MIPS, moja ikiwa na utaratibu unaojiita wenyewe ili rafu ya kumbukumbu (stack) itumike, kisha paipulaini, na ya mwisho kupima kache kwa kupita matriki mstari kwa mstari halafu safu kwa safu. MARS ina kipima kache ndani yake, kiko chini ya menyu ya zana. Kila kazi iwe na faili na ripoti ya kurasa mbili ambayo mhadhiri anasaini.

Ssalongo_Mtandao

Moja limebaki, dada. Tarehe za mwisho za kozi za Marekani huandikwa kwa saa zao. Saa sita kasoro dakika moja usiku New York ni saa mbili kasoro dakika moja asubuhi kwetu kuanzia Novemba hadi Machi. Kuanzia Jumapili ya pili ya Machi wanasogeza saa, na kwetu inakuwa saa moja kasoro dakika moja. Muhula ukivuka Machi, badilisha kengele ya simu.