Magugu sugu kwenye nyasi za nyumbani: tupeane uzoefu, wewe uliyamalizaje?

Mleta mada: Wakuu habari zenu. Nina kaeneo kangu ka nyasi mbele ya nyumba, ukoka nimepandikiza mwenyewe kwa mkono, sasa ndago zimenikaba koo. Nang'oa Jumamosi, Jumatano zishaupita ukoka kwa urefu. Juzi nikachimba moja kwa kisu nione inatokea wapi, nikakuta kanundu keusi kama punje, kametoa kauzi kanaenda kwenye kanundu kengine, nikafuata tu kauzi, ka tatu, ka nne, nikaacha kisu palepale nikaingia zangu ndani.

Kifyekeo: Pole mkuu, ila ndo unaziamsha hivyo. Ile ya juu ikikatika, vinundu vilivyolala chini navyo vinachipua, unang'oa moja zinakuja tatu. Mi nilitandika nailoni nyeusi nikajiona mjanja, ikatobolewa kama kwa sindano.

Mama Bustani: Afadhali nyie. Mimi nilipiga glaifosati, ile dawa ya kuua magugu, nyasi zote, nilikuwa sijui kwamba ile haichagui, chochote cha kijani inaondoka nacho. Ukoka ukakauka wote, nikasema basi angalau na ndago zimekwisha, baada ya wiki chache uwanja mzima ni rangi ya mkeka na ndago ndo kijani peke yake 😭. Dawa inaingilia kwenye majani, sasa kinundu kisichokuwa na jani kitaipataje?

Kifyekeo: 😂😂 samahani nimecheka. Mwingine asije akakimbilia 2,4-D, hiyo ni ya magugu ya majani mapana, na ndago sio jani pana wala sio nyasi, shika shina lake ulizungushe vidoleni utasikia pembe tatu. Mi dawa zilizonisaidia ni zenye halosalfuroni, zinapiga ndago zinaacha nyasi, ila sio nyasi zote zinaivumilia, soma lebo kwanza. Na nilirudia, mara moja haikutosha.

Mpole wa Baridi: Mi huku niliko majani ya miti yanapukutika sasa hivi na gugu langu ni dandelioni, lile la ua la njano, mzizi wake kama karoti nyembamba, ukikatikia ardhini imekula kwako, linaota tena. Miaka miwili nilikuwa napulizia likiwa na maua, linanyauka juu halafu linarudi. Jirani mtu mzima akaniambia subiri kabaridi kaanze, kipindi hicho mmea unashusha chakula mzizini na dawa inashuka nacho. Kweli bwana, lilikufa. Tatizo haraka zangu, wiki hiyohiyo nikamwaga mbegu za nyasi kwenye mapengo, hazikuota hata moja, kumbe lebo ilisema nisubiri wiki kadhaa.

Mama Bustani: Mleta mada, unakata nyasi fupi sana? Na hapo zilipojaa pana maji? Ndago na maji ni ndugu. Ukoka ukinyolewa hadi udongo unaonekana ndo umezipa jua la bure.

Mleta mada: Nanyoa kabisa, kipara. Na nimetoka kuangalia sa hivi na tochi, koki ya nje inavuja, kadimbwi kako palepale zilipoanzia 🙆🏾‍♂️. Mwaka mzima nazimwagilia mwenyewe.