Mwanangu wa chekechea anakariri kitabu cha Kiingereza, hasomi. Na bibi yake hajui Kiingereza. Tufanyeje?

MamaNasra_Tanga

Habari za jioni wazazi wenzangu na walimu mliomo humu. Nasra wangu ana miaka mitano na nusu, yuko chekechea kwenye shule ya mchepuo wa Kiingereza hapa Tanga, mwakani anaingia la kwanza. Kila Ijumaa anarudi na kijitabu cha kusoma. Anakifungua na kukisoma chote kwa sauti kama mtangazaji wa redio, raha tupu. Juzi nikaziba picha kwa kiganja, nikamwonyesha neno moja tu, dog. Akaniambia "the dog is big", akacheka. Nikamwonyesha big peke yake, akarudia sentensi ile ile. Yaani kitabu kizima kakikariri, herufi hazimwambii kitu.

Nimeongea na mwalimu wake, kasema dawa ni kuongea Kiingereza tu nyumbani. Sasa mimi Kiingereza changu ni cha kuombea maji. Baba yake ni dereva wa malori, wiki nyingi hayupo. Anayeshinda na mtoto tangu saa nane mchana ni bibi yake, na Kiingereza cha bibi kinaishia good morning. Tangu asikie maneno ya mwalimu, bibi kanyamaza, anaogopa kumharibu mtoto. Zamani kila jioni ilikuwa hadithi za sungura, siku hizi wanaangaliana tu.

Ajabu ni kwamba Kiswahili anasoma! Sukari, unga, mchele, vibao vyote vya dukani anaviunganisha mwenyewe. Nianzie wapi? Na kweli bibi tumkataze Kiswahili?

BabaWawili

Mwekee katuni za Kiingereza, mama. Wa kwangu kajifunzia huko, sasa anaongea Kiingereza mpaka mimi baba yake namwitikia tu "yes" nisijue nimekubali nini.

BiMwalimu_Makorora

Mama Nasra, kabla hujamaliza kusoma haya, mwambie bibi aanze tena hadithi zake usiku wa leo. Sungura na fisi kwa Kiswahili, kwa Kidigo, kwa Kisambaa, kwa lugha yoyote inayomtoka vizuri. Nimefundisha chekechea tangu watoto wanakalia mikeka, na mtoto anayenipa kazi ngumu si yule asiyejua Kiingereza. Ni yule ambaye nyumbani hazungumzishwi. Huyo ukimuuliza fisi alikasirika kwa nini, anakukodolea macho kwa lugha zote mbili. Aliyezoea hadithi anajua kwamba katika kisa kuna mtu anataka kitu, kuna hila, kuna matokeo. Akishayajua kwa Kiswahili hayajifunzi upya kwa Kiingereza, anachohitaji huko ni maneno. Jim Cummins, mtafiti wa lugha wa Kanada, aliliandika hili tangu 1979, na walimu wa chekechea tunaliona kila siku.

Wapo watafiti wawili, Gough na Tunmer, ambao mwaka 1986 walieleza kusoma kwa hesabu ya kuzidisha: uwezo wa kufungua maandishi, yaani kugeuza herufi kuwa sauti na neno, mara uwezo wa kuelewa lugha. Kimoja kikiwa sifuri, jibu ni sifuri. Nasra kwa Kiingereza bado hafungui maandishi, na sina hakika anaelewa anachokariri. Pande zote mbili zinataka kazi, na kazi zenyewe hazifanani.

Tuanze na maandishi. Nasra ameshashika jambo kubwa: herufi ni sauti. Kiswahili kimempa hilo bure, kwa sababu ba ni ba dukani, ni ba shuleni. Kiingereza hakina adabu hiyo. Angalia a ya cat, a ya cake na a ya car. Herufi 26 zinabeba sauti zipatazo 44. Mwaka 2003 Philip Seymour na wenzake walilinganisha watoto wa lugha 13 za Ulaya walipomaliza mwaka wa kwanza wa shule. Watoto wa Ufini walisoma sawasawa maneno 98 kati ya 100. Watoto wa Uskoti, wanaosoma Kiingereza na Kiingereza ni chao, walipata 34. Mwonyeshe mwalimu wake takwimu hiyo siku akianza kulalamika kwamba mtoto yuko nyuma.

Habari njema ni kwamba herufi nyingi hazina jipya kwake: m, n, s, f, l, t, p, b, d, k, z, v. Tatizo ni kwamba tumewafundisha ba be bi bo bu, basi wakiona b peke yake wanasema "ba". Ukiwaambia waunganishe b, a, t wanapata "ba-a-ta", na hapo bat haipatikani hata mkeshe. Kwa hiyo anza na sauti zinazovutika bila irabu kujipenyeza: sss, mmm, fff, nnn, lll. Bibi aweza kuicheza hii jikoni kwa Kiswahili kitupu. "Nitajie kitu humu kinachoanza na sss." Sufuria, sahani, sukari. "Na mmm?" Mwiko, mafuta, moto. Sikio likishazoea kuchomoa sauti ya kwanza, litaichomoa na kwenye sun na man.

Mwisho wa neno ndio mgumu zaidi, na wengi hatuufundishi. Maneno yetu karibu yote yanaishia irabu, kwa hiyo sikio la mtoto halingojei kitu baada yake. Ndiyo maana dog inakuwa "dogi" na cat inakuwa "kati". Mimi hutumia majina ya darasani, maana Tanga hatukosi akina Yusuf, Salim, Maryam na Idris. Nawasimamisha mbele. Yusuf anaishia na nini? Fff! Salim? Mmm! Rashid kila mwaka huleta ugomvi, kwa sababu nyumbani kwao ni Rashidi, na darasa zima linagawanyika kama kuna i au hakuna. Niwaache wagombane! Wakati huo kila mtoto anasikiliza mwisho wa neno, na ndicho nilichokuwa nakitaka. Baada ya hapo bus na cup haziwasumbui sana.

Halafu irabu. Sisi tunazo tano, Kiingereza kina sauti za irabu karibu ishirini. Usijaribu zote. Chekechea inatosha a ya cat, e ya pen, i ya pin, o ya dog na u ya cup. Kusanya vizibo vya soda, andika herufi juu yake kwa makapeni, herufi moja kila kizibo. Panga sat. Akishaisoma, toa s weka m: mat. Toa t weka n: man. Kisha pan. Kisha badilisha katikati: pin. Badilisha kizibo kimoja tu kila mara, na yeye ndiye akibadilishe. Neno ambalo halijawahi kuwa kwenye kitabu haliwezi kukaririwa. Wakati mwingine panga hata neno lisilo na maana, kama nup au fim. Uingereza tangu 2012 watoto wa Mwaka wa Kwanza hupewa maneno 40 ya kusoma, na 20 kati yake ni ya kubuni, kwa sababu hiyo hiyo.

Sasa kuelewa. Usigeuze nyumba nzima kuwa ya Kiingereza. Chagua sehemu moja ya siku ambayo maneno yake unayaweza. Kuoga kunafaa sana: wash your face, give me the soap, where is the towel, close the door. Maneno yale yale, kila siku, na vitu vyenyewe vipo mkononi, kwa hiyo hakuna haja ya kutafsiri. Akizoea, yeye ndiye aanze kukuamuru wewe. Watoto hawachoki kuwaamuru wazazi.

Na kijitabu cha Ijumaa apelekewe bibi. Nasra asome ukurasa, bibi aulize, "Eti wanasema nini hapo?" Lazima amweleze kwa Kiswahili, maana bibi kweli hajui. Mimi mwalimu nikiuliza swali hilo mtoto anajua namtega. Bibi hamtegi, anataka kujua mbwa kafanya nini. Asipoweza kueleza, mmepata pa kuanzia. Hakuna mtahini bora kuliko huyo katika nyumba yenu, na ndiye mliyetaka kumnyamazisha.

BabaWawili, katuni si haramu, nyimbo zake zinasaidia masikio. Lakini katuni haingoji jibu la mtoto.

MwalimuKisauni

Salamu kutoka Mombasa. Nafunza PP2, yaani mwaka wa mwisho wa chekechea kwetu Kenya, na mengi ya Bi Mwalimu nayaunga mkono, hasa hilo la bibi. Mpango wa Tusome, wa kufundisha watoto kusoma, ulipoingia shule za umma hapa Kenya mwaka 2015, darasa la kwanza walisoma Kiingereza na Kiswahili sambamba, kila mtoto na kitabu chake, na hakuna lugha iliyofukuza nyingine.

Pale pa michezo ya masikio ndipo natofautiana naye kidogo. Isikae muda mrefu bila herufi. Ripoti ya jopo la taifa la usomaji la Marekani ya mwaka 2000 ilionyesha kwamba kuchezea sauti kunaleta faida zaidi mtoto akiwa anaziona na kuzigusa herufi zenyewe. Kwangu darasani mtoto akisema sss, kadi ya s iko mbele yake na kidole kiko juu ya kadi.

Hadithi zikiwasumbua, mtandaoni kuna African Storybook ya taasisi ya Saide, Afrika Kusini. Ni bure, waweza kuchapa, na hadithi nyingi zipo kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Msomee ya Kiswahili leo, kesho ya Kiingereza. Atakuwa ashajua kisa, akili yote itaenda kwenye maneno.

MamaNasra_Tanga

Mungu awalipe. Bibi kashaanza na fisi, na mwenyewe kasema ana deni la hadithi. Nimejaribu ya jikoni, mtoto kataja mpaka "siafu", na kweli walikuwepo chini ya kabati.

Lakini nina aibu kidogo. Bi Mwalimu, hizo a ya cat na u ya cup, mimi mwenyewe natamka sawasawa! Nimejirekodi kwenye simu nikisema cap na cup, nikasikia neno moja. Nitamfundishaje? Na shule wanamletea kurasa za kunakili, A a A a mpaka chini, anamaliza akilia. Nazo zinasaidia kusoma?

BiMwalimu_Makorora

Hilo la Kisauni nalikubali kwa Nasra. Darasani kwangu wapo wengi na kadi ni chache, ndiyo maana masikio yanatangulia. Yeye herufi anazijua kwa Kiswahili, kwa hiyo weka vizibo mezani tangu siku ya kwanza, sauti na herufi viende pamoja.

Cap na cup usizionee aibu, Waswahili wengi tunazitamka hivyo na ofisini tunaelewana. Hapa hatutafuti lafudhi ya London. Tunataka asikie kuna sauti mbili, kwa sababu zinaandikwa kwa herufi mbili tofauti. Chukua kamusi ya simu inayotamka maneno. Weka kofia ya baba yake na kikombe juu ya mkeka. Bonyeza neno, wewe na Nasra mshindane nani atagusa kitu sahihi kwanza. Usimwambie umekosea, bonyeza tena tu. Wewe mwenyewe utaanza kuzisikia. Kisha pen na pan, kalamu na kikaango. Usimpe jozi mpya kabla ile ya kwanza haijakaa, na mkishindwa kabisa mwachie mwalimu, nyinyi endeleeni na vizibo.

Kurasa za kunakili zinazoesha mkono, hazifundishi kusoma. Mtoto aweza kunakili ukurasa mzima huku anawaza chapati. Muombe mwalimu kwa upole apunguze mistari, au fanyeni mistari miwili ya kwanza kwa makini, kila a ikiandikwa aitamke, kisha yaliyobaki aandike mwenyewe neno moja analolijua kwa sauti: mat, pin, sun. Akiandika "san" badala ya sun, furahi. Amesikia sauti tatu na kuziandika tatu. Hiyo u itarekebishika mkirudi kwenye kofia na kikombe.

Yapo maneno machache ambayo hayafuati sauti na yamejaa kwenye vijitabu: the, said, was. Hayo ayashike kwa macho, mawili matatu kwa wakati, na umwambie waziwazi kwamba haya ni makorofi. Watoto wanapenda kujua kuna maneno makorofi.

La mwisho, kwa sababu umesema anacheka na kurudia sentensi: ukimwita akiwa amekupa mgongo, anageuka mara ya kwanza? Kama mara nyingi hasikii mpaka upaze sauti, au masikio yanamuuma mara kwa mara, mpeleke hospitali yakaangaliwe. Nimeshakutana na watoto walioitwa wazito wa Kiingereza kumbe hawasikii vizuri.

MamaNasra_Tanga

Masikio mazima, Alhamdulillahi. Nikifungua pakiti ya biskuti jikoni anaisikia akiwa uani. Kesho naanza kukusanya vizibo, jirani yangu ana duka la soda.