Printa inakataa karatasi zilizotobolewa matundu: naomba ushauri

Mtunza Mafaili

Ndugu zangu, salaam. Nina karatasi nyingi za A4 ambazo tayari zimetobolewa matundu mawili pembeni kwa ajili ya mafaili ya pete, na ningependa kuzitumia kuchapishia noti za masomo. Shida ni kwamba printa yangu ya nyumbani, ambayo ni ya wino na huvuta karatasi kutoka trei ya nyuma, haizikubali. Inaivuta karatasi vizuri na kuchapisha sehemu ya juu, kisha ghafla inaitema na kutoa onyo kwamba karatasi imekwama, ilhali nikifungua kifuniko sikuti kitu chochote ndani. Nikiweka karatasi isiyo na matundu, kazi inakwenda hadi mwisho bila tatizo. Naomba kuelezwa printa inakasirishwa na nini hasa, na kama kuna namna ya kuzitumia karatasi hizi bila kuiharibu.

Sauda M.

Njia rahisi kuliko zote ni kuchapisha kwanza kwenye karatasi nzima na kutoboa baadaye. Kwa karatasi utakazonunua siku zijazo, nakushauri ufuate utaratibu huo.

Mtunza Mafaili

Asante, dada Sauda, nitafanya hivyo baadaye. Kwa sasa karatasi hizi ninazo, ni safi, na kuzitupa ni hasara.

Fundi Rola

Mkuu, kabla ya kubadilisha chochote, chukua rula na ile karatasi iliyotemwa. Kwenye A4 yenye matundu mawili ya kipimo cha kawaida, yaani kile cha ISO 838, matundu huwa na upana wa milimita 6, vitovu vyake vimeachana kwa milimita 80, na kila kitovu kiko milimita 12 kutoka ukingo wa karatasi. Kwa kuwa karatasi ina urefu wa milimita 297, tundu la kwanza huangukia milimita 108.5 kutoka juu, yaani baada kidogo ya theluthi ya ukurasa. Ukiona maandishi yamekatika karibu na usawa wa tundu hilo, au juu yake kidogo, basi umempata mchawi: ni kihisi cha karatasi.

Ndani ya printa kuna kitu kinachoiambia kwamba karatasi imefika na kwamba bado ipo. Katika printa nyingi ni kijiti kidogo cha plastiki kinachosukumwa na karatasi inapopita na kurudi mahali pake karatasi inapokwisha. Nyingine hutumia mwanga: taa ndogo humulika, na kihisi hupima mwanga unaorudi kutoka kwenye weupe wa karatasi. Tundu likipita hapo, kijiti hudondoka ndani yake, au mwanga haurudi, na printa huamini kwamba karatasi imekwisha kabla ya wakati. Sekunde chache baadaye inahisi karatasi tena, jambo ambalo kwa hesabu zake haliwezekani, kwa hiyo inatangaza kwamba kuna karatasi iliyokwama. Maandishi hukatika juu kidogo ya tundu kwa sababu mara nyingi kihisi hutangulia kichwa cha kuchapishia, hivyo tundu hulifikia jicho la printa kabla ya kufika kwenye wino.

Habari njema ni kwamba kihisi cha namna hiyo hutazama mstari mmoja tu wa karatasi. Ikiwa matundu yanapita upande wa kushoto, geuza karatasi kichwa chini, bila kubadilisha uso unaochapishwa, ili yapite upande wa kulia. Kisha, kwenye mipangilio ya kuchapisha, chagua kugeuza ukurasa nyuzi 180, la sivyo matundu yatakuwa upande usiofaa wa maandishi. Jaribu kwa karatasi moja kwanza.

Bi. Tona

Naongezea kwenye maelezo ya Fundi Rola. Printa nyingine za wino zina kihisi kingine kwenye kile kibebeo cha katriji kinachokwenda huku na huku, nacho hupima upana wa karatasi. Ikiwa kugeuza karatasi hakutasaidia, tafuta kwenye mipangilio ya matengenezo kama kuna chaguo la kukagua upana wa karatasi, ulizime. Ukishalizima, hakikisha ukubwa uliouchagua kwenye kompyuta ndio ukubwa ulio kwenye trei, kwa sababu printa haitakuwa na njia ya kujua kwamba inamwaga wino nje ya karatasi.

Wenye printa za leza waangalie orodha ya aina za karatasi, maana baadhi ya draiva, yaani programu zinazoiwezesha kompyuta kuwasiliana na printa, zina aina maalumu ya karatasi iliyotobolewa. Pia nawasihi wasibandike vile vipete vya gundi vya kuimarisha matundu kabla ya kuchapisha. Sehemu ya kuyeyushia tona, yaani ule wino wa unga, hufikia joto linalokaribia nyuzi 200 za Selsiasi, gundi italainika na kushika kwenye rola, na usafi wake ni mgumu mno.

Mzee Pambizo

Msisahau pambizo. Kitovu kiko milimita 12 kutoka ukingoni, ongeza nusu ya upana wa tundu, na tundu linaishia milimita 15. Pambizo ya upande huo isipungue milimita 20, na mimi binafsi naona 25 inapendeza zaidi machoni. Hili si suala la urembo peke yake. Picha au rangi ya usuli ikipita juu ya tundu, wino unadondokea kwenye kitako cha printa na kuchafua mgongo wa karatasi zinazofuata.

Sauda M.

Angalia na matundu yenyewe. Pitisha kidole: kama kingo zake zimeinuka, karatasi zitashikana na kuvutwa mbili mbili. Zilaze kwa kuzikandamiza kwa rula, tenganisha karatasi za bunda lote kwa vidole ili hewa ipite katikati, na kung'uta vile vijiduara vya karatasi vilivyobaki, visije vikaingia kwenye rola. Pakia chache kwa wakati mmoja.

Mtunza Mafaili

Nawashukuru sana. Nimepima, na maandishi yalikatika juu kidogo tu ya tundu, kama alivyosema Fundi. Nimegeuza karatasi ili matundu yapite kulia, nikageuza na ukurasa nyuzi 180, na karatasi imetoka nzima bila onyo lolote. Limebaki swali moja: nataka kuchapisha pande zote mbili, na printa yangu haina uwezo wa kugeuza karatasi yenyewe. Upande wa pili niuwekeje ili matundu yasirudi kushoto?

Fundi Rola

Chapisha kurasa za namba witiri zote kwanza, zikiwa zimegeuzwa nyuzi 180 kama ulivyofanya. Kisha zipindue karatasi ili uso mtupu ndio uchapishwe, lakini zipindue kwa kuleta ukingo wa chini juu, si kama unavyofungua kitabu. Kwa kupindua hivyo, matundu yanabaki kulia. Sasa chapisha kurasa za namba shufwa bila kuzigeuza, kwa sababu msomaji anayetazama mgongo wa karatasi hukuta matundu kulia kwake, na ndipo yalipo tayari. Kwenye programu unayoandikia washa pambizo za kuakisiana, ili ile nafasi pana ifuate matundu pande zote mbili, na ukague mpangilio wa kurasa kwa karatasi mbili tatu kabla ya kuchapisha bunda zima, kwa kuwa kuna printa zinazotoa karatasi uso juu na nyingine uso chini.